Mazoezi ndiyo dawa ya shingo inayouma kwa kuinamia simu

SHINGO inayouma humnyima mtu raha mchana na usingizi usiku. Hawezi kugeuka kumtazama aliyemwita, hawezi kuinama kufua nguo, na akilala hajui alalie ubavu upi. Zamani malalamiko haya yalisikika zaidi kwa wazee, wachukuzi wa mizigo na akina mama wabebao ndoo za maji kichwani. Siku hizi yanasikika hata kwa wanafunzi na vijana ambao hawajawahi kubeba gunia, na wengi wao hutaja chanzo kimoja: simu ya mkononi.

Katika mitaa kama Utange, eneo la Kisauni katika bara la kaskazini mwa Mombasa, si rahisi kumwambia mtu aweke simu kando. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, simu imekuwa benki, kibeti na daftari la hesabu. Wakala wa pesa huiinamia kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwendeshaji wa bodaboda huitazama akingoja abiria. Mwanafunzi huisomea, naye mama mwenye biashara ndogo hupokea na kutuma oda za wateja kupitia simu hiyohiyo. Kwa watu hawa, simu ni jembe, na shauri la kuiacha kabisa ni sawa na kumshauri mkulima asiende shambani.

Wengi wanapoumwa hukimbilia njia mbili. Ya kwanza ni kununua vidonge vya kutuliza maumivu dukani na kuvimeza siku baada ya siku. Ya pili ni kumwendea mtu wa kukanda, au kumwachia kinyozi aizungushe shingo ghafla mpaka ilie. Njia ya kwanza hutuliza bila kutibu, na ya pili yaweza kuleta balaa kubwa kuliko maumivu yenyewe. Ipo njia ya tatu, isiyogharimu pesa nyingi na ambayo utafiti wa miaka mingi umeiunga mkono. Njia hiyo ni mazoezi.

Mzigo ulio juu ya shingo

Shingo ya binadamu ina pingili saba za mfupa, idadi ileile aliyo nayo twiga, ila za twiga ni ndefu zaidi. Baina ya pingili hizo mna visahani laini vinavyozuia mifupa isisagane. Kando yake hupita mishipa ya fahamu iendayo mabegani na mikononi, pamoja na mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Yote haya hushikiliwa na misuli iliyopangwa kwa tabaka, mingine mifupi iliyo ndani karibu na mfupa, mingine mipana inayotoka kisogoni hadi mabegani na katikati ya mgongo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, yaani sawa na dumu la maji la lita 5. Mtu akisimama wima, uzito huo hukaa juu ya nguzo yake na misuli haichoki upesi. Akiinamisha kichwa, hali hubadilika. Chukua dumu hilo ulikumbatie kifuani, kisha ulishike huku umenyosha mkono mbele. Maji hayakuongezeka, lakini mkono utalemewa mara moja. Ndivyo misuli ya kisogo inavyolemewa kichwa kinapotangulia mbele ya mabega.

Mwaka 2014, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo kutoka New York, Kenneth Hansraj, alichapisha hesabu zilizoenea duniani kote. Alikadiria kwamba kichwa kikiinama kwa nyuzi 15, shingo hubeba mzigo wa kilo 12 hivi. Kikiinama nyuzi 30, kilo 18. Nyuzi 45, kilo 22. Na nyuzi 60, kilo 27. Picha zenye takwimu hizo bado husambazwa kwa simu hizohizo zinazolaumiwa.

Hata hivyo, msomaji afahamu kwamba hizo zilikuwa hesabu za kielelezo cha kompyuta. Hazikupimwa kwenye shingo za watu, wala hazikuonyesha nani aliumwa na nani hakuumwa. Mwaka 2018, watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijana 150 wa umri wa miaka 18 hadi 21 jijini Rio de Janeiro. Hawakuona uhusiano kati ya namna vijana hao walivyoinamisha shingo wakitumia simu na maumivu ya shingo waliyoyaeleza.

Je, basi simu haina lawama? La hasha. Maana yake ni kwamba kuinama peke yake si ugonjwa. Shingo imeumbwa iiname, igeuke na kuinuka. Linaloonekana kuielemea zaidi ni kukaa katika hali moja kwa muda mrefu, tena kwa misuli iliyo dhaifu, kwa mtu asiyelala vya kutosha, mwenye wasiwasi mwingi na asiyetembea. Habari hii ni njema, kwa sababu mambo mengi kati ya hayo yanaweza kurekebishwa.

Kwa nini misuli huuma

Msuli hufanya kazi kwa kukaza na kulegea. Unapolegea, damu hupita kwa wepesi ikileta hewa safi na kuondoa taka. Ukikazwa bila kulegezwa, hata kwa nguvu kidogo, mzunguko huo hupungua. Baada ya saa moja au mbili msuli huwa mgumu, na mtu akiubonyeza huhisi mafundo yanayouma. Maumivu hayo yaweza kupanda hadi kisogoni na kuleta kichwa kuuma, au kushuka hadi katikati ya mabega.

Watu wa Pwani wameinamisha shingo tangu jadi. Mshona kofia za mkono hukodolea macho tundu moja baada ya jingine. Msuka makuti huinamia kazi yake. Naye anayekuna nazi huketi juu ya mbuzi shingo ikiwa chini. Tofauti ni kwamba nazi huisha, mkunaji akainuka kwenda kuchuja tui. Simu haina mwisho. Ujumbe mmoja ukisomwa huja mwingine, na video moja ikikamilika huanza nyingine kabla mtu hajainua macho.

Tatizo hili si la Mombasa pekee. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba mwaka 2020 watu milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

Utafiti unasema nini kuhusu mazoezi

Mwaka 2003, watafiti wa Finland walitangaza matokeo ya jaribio lililowahusisha wanawake 180 wafanyao kazi za ofisini ambao walikuwa wameumwa shingo kwa muda mrefu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuongeza nguvu za shingo na mabega, la pili mazoezi ya kuongeza ustahimilivu wa misuli, na la tatu lilishauriwa kujinyosha na kufanya mazoezi ya mwili kwa jumla. Baada ya miezi 12, asilimia 73 ya kundi la kwanza na asilimia 59 ya kundi la pili walisema maumivu yamepungua sana au kuisha kabisa. Katika kundi la tatu walikuwa asilimia 21 tu. Funzo ni kwamba kujinyosha ni kuzuri, lakini peke yake hakutoshi. Misuli yapaswa kupewa kazi ili ipate nguvu.

Mwaka 2011, jaribio jingine la Denmark lilijibu swali ambalo wengi huuliza: nitapata wapi muda? Watu 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega waligawanywa katika makundi. Baadhi yao walifanya mazoezi ya kuinua mikono kwa kuvuta mpira kwa dakika 2 tu kwa siku, wengine dakika 12, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 10. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko lile lililopewa maelezo ya afya pekee, na waliofanya dakika 2 hawakuachwa nyuma sana na wale wa dakika 12.

Mazoezi yenyewe

Mazoezi yafuatayo yanamfaa mtu mzima mwenye maumivu ya kawaida ya misuli. Yanaweza kufanywa nyumbani, kibandani au kijiweni. Fanya polepole, ukipumua kama kawaida.

1. Kurudisha kidevu nyuma. Keti au simama wima, macho yakitazama mbele. Vuta kidevu nyuma moja kwa moja, kana kwamba unakiepusha na kitu kilicho mbele yako, bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Shikilia kwa sekunde 5, kisha legeza. Rudia mara 10.

2. Kukubali kwa kichwa ukiwa umelala. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, na taulo iliyokunjwa iwe chini ya kichwa. Tikisa kichwa kidogo sana kama anayesema ndiyo, bila kukiinua kutoka kwenye taulo. Shikilia kwa sekunde 10 na urudie hadi mara 10. Zoezi hili huamsha misuli ya ndani ya mbele ya shingo, ambayo mara nyingi huwa dhaifu kwa watu wanaoumwa.

3. Kusukumana na mkono. Weka kiganja kwenye paji la uso, ukisukume kwa kichwa huku mkono ukizuia, ili kichwa kisisogee. Tumia nguvu kidogo tu kwa sekunde 5. Fanya vivyo hivyo kisogoni, kisha juu ya sikio la kulia na la kushoto. Rudia mara 5 kila upande.

4. Kukutanisha mabapa ya mabega. Shusha mabega yasikaribie masikio, kisha yavute nyuma kama unayetaka kubana kalamu katikati ya mgongo. Shikilia kwa sekunde 5, mara 10.

5. Kuinua mikono kwa uzito. Kanyaga katikati ya ukanda wa mpira na ushike ncha zake, au chukua chupa mbili za maji za nusu lita, ambazo kila moja ina uzito wa nusu kilo. Inua mikono yote miwili kando mpaka ilingane na mabega, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, kisha ishushe polepole. Endelea kwa dakika 2 au mpaka misuli ichoke. Chupa za nusu lita zikiwa nyepesi mno, tumia za lita moja.

6. Kujinyosha. Inamisha kichwa upande, sikio likielekea bega bila kuinua bega, mpaka uhisi mvuto wa upande wa pili. Shikilia kwa sekunde 20 hadi 30, kisha ubadilishe upande. Halafu simama mlangoni, weka mikono kwenye miimo na usogeze kifua mbele taratibu. Kifua kilichokakamaa huyavuta mabega mbele, na mabega yakienda mbele kichwa hufuata.

Zaidi ya hayo, mwili wote wahitaji kusogea. Kutembea kwa dakika 30 kwa siku husaidia, iwe ni kwenye njia za mtaani au ufuoni Pirates, Bamburi, maji yanapokupwa.

Namna ya kupanga ratiba

Zoezi la kwanza na la nne yafanywe mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya kutumia simu kwa muda mrefu. La pili na la tatu yafanywe mara moja kwa siku. La tano lifanywe siku 5 kwa wiki kwa uzito mdogo, au siku 3 kwa wiki uzito ukiongezwa. Kujinyosha kufanywe mwisho, misuli ikiwa imeshapata joto.

Katika wiki ya kwanza ni kawaida kuhisi uchovu au maumivu kidogo ya misuli. Maumivu hayo yakitulia kabla ya siku ya pili, endelea. Yakizidi, punguza uzito na idadi. Yakishuka mkononi kama moto au umeme, acha zoezi hilo na umwone mtaalamu. Usitarajie miujiza ya siku tatu. Nafuu ya kweli huja baada ya wiki 6 hadi 12, na watu wengi hukata tamaa katika wiki ya pili wakati misuli ndiyo kwanza imeanza kuitika. Baada ya kupona, endelea angalau mara mbili kwa wiki, maana msuli usiotumiwa hudhoofika tena.

Kuishika simu bila kuidhuru shingo

Mazoezi hayatafaa sana ikiwa shingo itarudishwa kwenye mateso yaleyale kwa saa nane. Inua simu karibu na usawa wa kifua au macho, na uegemeze viwiko juu ya meza au mto ili mikono isichoke. Tumia mikono yote miwili unapoandika. Pale inapowezekana, tuma ujumbe wa sauti badala ya kuandika maelezo marefu.

Usibane simu kati ya sikio na bega ukipika au kuandika. Tumia spika au vifaa vya masikioni. Usisome ukiwa umelala chali huku mto mrefu umekikunja kidevu kifuani. Wala hakuna mkao mmoja mtukufu unaopaswa kukaa nao siku nzima. Badilisha mkao kila baada ya dakika 20 au 30: simama, geuza shingo, zungusha mabega. Wakala wa pesa anaweza kuinuka kila anapomaliza kumhudumia mteja, na wa bodaboda ashuke kwenye pikipiki badala ya kuilalia usukani.

Wazazi nao wawe macho. Mtoto husahau kuinua kichwa mchezo ukinoga, na hatii shauri ambalo mzazi mwenyewe halifuati.

Hatari ya kuvunjwa shingo na ya vidonge

Kuna mazoea ya kumzungushia mteja shingo ghafla baada ya kunyolewa au kukandwa. Mlio unaosikika humfurahisha mteja, na kwa muda huhisi wepesi. Lakini ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu iendayo sehemu ya nyuma ya ubongo. Kuzungushwa kwa nguvu kwaweza kuichana, damu ikaganda na kumletea mtu kiharusi, hata akiwa kijana. Madhara hayo ni nadra, lakini yakitokea hayarudishiki. Kukandwa taratibu kwa mafuta si tatizo. Kuzungushwa ghafla na mtu asiye na mafunzo kukataliwe.

Dawa za kutuliza maumivu zina nafasi yake kwa siku chache. Hata hivyo, zile za jamii ya diclofenac na ibuprofen zikimezwa kwa muda mrefu bila ushauri zaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Wajawazito na wenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au maradhi ya figo wasizitumie bila kumwona daktari.

Dalili zisizopaswa kungojewa

Si kila shingo inayouma imeumizwa na simu. Nenda hospitalini bila kukawia ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- Maumivu yaliyoanza baada ya ajali, kuanguka au kupigwa.

- Shingo kukakamaa pamoja na homa, kichwa kuuma sana au kuchukizwa na mwanga, kwani huenda ni homa ya uti wa mgongo.

- Ganzi au udhaifu wa mkono, kuangusha vitu, kuyumba wakati wa kutembea, au kushindwa kuzuia mkojo au choo.

- Maumivu ya usiku yasiyotulia, kupungua uzito na kutokwa na jasho jingi, dalili zinazoweza kuwa za kifua kikuu cha mifupa au uvimbe.

- Kizunguzungu cha ghafla, kuona vitu viwiliviwili, au ulimi kuwa mzito.

- Maumivu ya shingo au taya yanayoandamana na kubanwa kifua.

Asiye na dalili hizo lakini hakupata nafuu kwa wiki 6 za mazoezi naye aende akachunguzwe. Mkazi wa Utange aweza kuanzia kwenye zahanati iliyo karibu, na akihitaji huduma zaidi apewe barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Pwani, maarufu Makadara, kisiwani Mombasa. Wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, husajiliwa na baraza lao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza anayemhudumia kama amesajiliwa kabla ya kumkabidhi shingo yake.

Kwa walio wengi, safari hiyo haitakuwa ya lazima. Dakika 2 za kuinua chupa za maji, kidevu kuvutwa nyuma mara kumi, na kuinuka kitini kila nusu saa ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa yeyote. Haba na haba hujaza kibaba, na usipoziba ufa utajenga ukuta.